Dada alikwenda kusuka nywele, tukamwitia kikao

Najua nimekuwa kimya zaidi ya mwezi na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimepata ulaji serikalini. Hakuna cha ulaji. Nilikuwa Tabata, nyumbani kwa mzee wangu, namlisha, namgeuza, namfulia mashuka. Nimerudi na hasira, kwa hiyo kama ulikuja kutafuta habari za mpira pita kesho. Sehemu kubwa ya hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe, mtaona.

Mzee alipata kiharusi mwaka 2022. Upande wote wa kulia ukalegea na maneno yakawa yanamkwama mdomoni. Mama yetu alishatangulia miaka mitano kabla. Watoto tuko wanne. Kaka mkubwa yuko Mwanza, mdogo wetu wa mwisho ameolewa Dodoma, mimi niko hapahapa Dar lakini kazi za habari mnazijua (ndivyo nilivyokuwa najibu kila nikiulizwa, na kila mtu alikuwa anakubali). Dada alikuwa na fremu yake ya vitenge pale Buguruni. Akaifunga, akabeba godoro na mwanawe, akahamia kwa mzee. Hakuna aliyemteua. Hakuna aliyeitisha kikao tugawane kazi. Ni mwanamke, hana mume, yuko karibu. Basi, ikaisha hivyo.

Miaka zaidi ya mitatu ikapita. Sisi wengine tukawa watu wa kutuma hela na kutuma pole. Tuna grupu la familia la WhatsApp lenye watu 34, linaitwa kwa jina la babu. Humo ndani kila dada akiandika kwamba mzee hajalala usiku, zinamiminika zile picha za mikono iliyoshikana. "Pole mwanangu." "Mungu atakulipa." "Thawabu zako ziko kwa Mola." Halafu mtu anaweka picha ya harusi, tunahamia huko.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Alhamisi moja, mchana, mzee amekula, amelala. Dada akamtazama, akaona usingizi umemchukua sawasawa, akatoka kwenda nyumba ya tatu kusuka nywele. Alikuwa anasuka twende kilioni, ile mistari ya kwenda nyuma ambayo fundi mzuri anaimaliza upesi. Hata rasta hakuweka. Mwanawe alikuwa shule. Dakika kama 40 hivi mzee akaamka, akaona redio imehama kwenye stesheni yake, akanyoosha mkono ule mzima kuifikia, akaanguka chini. Alipasuka juu ya jicho. Tulikwenda hospitali, akashonwa nyuzi 5, tukashukuru kwamba hakuvunjika mahali.

Kikao cha kumpa dada kazi hakikuwahi kuitishwa kwa miaka mitatu. Cha kumlaumu kiliitishwa ndani ya siku mbili.

Jumamosi tulikuwa watu 11 sebuleni. Shangazi ndiye aliyefungua. "Mtoto gani anamwacha baba yake kitandani anakwenda kujiremba?" Baba mdogo akaingiza habari ya radhi ya wazazi. Mwingine akauliza kwani hizo nywele zingeoza? Dada amekaa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba cha mzee, kichwa kimefungwa kanga. Kanga ikateleza kidogo nikaona: nusu ya kichwa imesukwa, nusu iko timutimu. Aliposikia kelele za jirani siku ile alikurupuka kutoka kwa msusi, na tangu hapo hakupata mtu wa kumshikia zamu akamalizie. Siku mbili! Watu 11 tumejaa pale ndani, na hata mmoja hakusema "nenda kamalizie, sisi tupo."

Na mimi? Mimi nilikuwa nakunywa soda. Mimi ninayewaandikia hapa habari za haki za wafanyakazi wa majumbani, ninayewachambua wabunge, nilikaa kimya kama maji ya mtungini. Dada alinitazama mara moja tu. Sitaki kuueleza ule mtazamo.

Kikao kilipoisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba anakwenda Morogoro kwa rafiki yake wiki tatu. Maelekezo yote yako kwenye daftari juu ya friji. Shangazi akaanza "unaona sasa..." nikamkatiza. Nikasema mimi nitachukua likizo. Nadhani nililisema kwa aibu zaidi kuliko kwa upendo.

Lile daftari, wadau. Ni la kurasa 96, limejaa. Kila baada ya saa 2 mgeuze, usiku na mchana, maana ukimwacha upande mmoja ngozi inaanza kuwa nyekundu kwenye nyonga na kisigino, na ukiuona huo wekundu ujue kidonda kiko njiani. Uji uwe mzito, maji matupu yanamkaba. Akimeza, kidevu kishuke kidogo. Akimaliza abaki ameketi wima nusu saa, usimlaze, uji usije ukaenda mapafuni. Dawa ya presha asubuhi. Mazoezi ya vidole, kimoja kimoja. Pampasi za wakubwa zinapatikana wapi kwa bei nafuu. Shuka la plastiki liko wapi. Na pembeni, kwa kalamu nyingine: "Usimwambie 'fanya haraka.' Anaumia."

Siku ya tatu niligundua kwamba mimi, niliyekuwa nikija Jumapili na mfuko wa machungwa na kuondoka nimejisikia mtoto mwema, sikuwa najua kitu chochote kuhusu nyumba ile. Ukimgeuza saa 8 usiku, saa 10 unaamka tena. Katikati hapo hulali, unasikiliza. Unasikiliza kikohozi, unasikiliza kama pumzi imebadilika. Mwili unalala, sikio liko macho. Asubuhi unaanza na mashuka.

Usiku wa tisa (nalisema hili kwa sababu nikilificha makala yote hii itakuwa ya kinafiki) nilimfokea. Ilikuwa mara ya tatu kubadilisha shuka usiku mmoja. Nikasema, "Mzee, kwani huwezi kusema?" Mtu ambaye ndicho hasa asichoweza. Akalia. Analia upande mmoja wa uso, ule mwingine umetulia tu. Nikakaa sakafuni mpaka adhana ya alfajiri.

Kesho yake, saa 10 jioni, mama wa nyumba ya pili akabisha hodi. Nadhani kuta zetu ni nyembamba. Hakuniuliza kitu. Akaweka kiti karibu na kitanda, akatoa ukili wake akaanza kusuka, akasema, "Mwanangu, hebu toka ukapunge upepo. Mimi nipo." Nikatoka. Nikaenda pale kona kwa muuza kahawa, nikakaa kwenye benchi, nikanunua vikombe viwili na kashata. Wazee wanabishana Simba na Yanga. Sikuchangia hata neno. Dakika 25. Niliporudi, mikono yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimgeuza mzee taratibu, nikamwomba msamaha, akanishika kidole.

Sasa ndiyo nifike kwenye ninachotaka kusema. Acheni kuwaambia wanaouguza watafute utulivu. Wapeni!

Mwaka jana binamu yetu aliyeko majuu alituma kwenye grupu video ya kumsaidia dada. Dakika kumi za amani kila siku: kaa mahali pa peke yako, washa mshumaa wenye harufu ya maua, funga macho, vuta pumzi ndefu. Dada akajibu "asante sana ndugu yangu." Mshumaa kwetu unawashwa umeme ukikatika. Na mahali pa peke yako ni wapi, chooni? Hata chooni anaitwa. Sina ugomvi na pumzi ndefu, inasaidia. Lakini mtu anayemlinda mgonjwa hawezi kufumba macho mpaka kuwe na macho mengine mawili yaliyofumbuliwa. Hiyo video haikuleta macho mengine. Ilileta kazi moja zaidi kwa dada: sasa akichoka, ni kosa lake kwa kutovuta pumzi.

Utulivu mdogo mdogo upo, sikatai. Mimi niliupata kwenye ile nusu saa ya baada ya uji. Huwezi kumlaza, huwezi kumwacha, huna la kufanya ila kukaa naye. Redio inaongea, kunguru wako juu ya bati, unamsikia muuza kahawa anapita anagonganisha vikombe vyake. Mzee anatingisha kidole kufuata muziki. Zile nusu saa nitazikumbuka. Lakini hata hapo uko kazini, jicho lako liko kwenye koo lake. Dakika za pale kwenye benchi ni jambo jingine kabisa, na zile hazipatikani kwa ujanja wa mtu mmoja. Lazima awepo mtu wa pili anayesema "mimi nipo," halafu awepo kweli.

Najua mtaniletea mila. Sisi si Wazungu, hatupeleki wazee kwenye nyumba za wazee. Sawa. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo ya wazee. Hebu tuambizane ukweli basi, hiyo familia ni nani? Kijijini kwa babu palikuwa na nyumba saba kwenye uwanja mmoja. Bibi alipougua, kulikuwa na wakwe, wajukuu, majirani, mtu anateka maji, mwingine anapika, mwingine anakaa tu mlangoni. Hakuna mwanamke mmoja aliyebaki na bibi saa 24 kwa miaka mitatu. Sisi tumekuja mjini tukapanga vyumba viwili viwili, kila mtu na foleni yake, tukabakiza lile neno "familia" na kazi yote tukamtupia binti mmoja. Halafu tunamsimanga kwa jina la mila. Mila gani hiyo? Wazee wetu wangetushangaa.

Na ni binti, karibu kila mahali. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018: wanawake milioni 606 wenye umri wa kufanya kazi wako nje ya ajira kwa sababu ya kulea na kuuguza. Wanaume? Milioni 41. Ile fremu ya Buguruni iko humo kwenye milioni 606. Mimi nimo kwenye kundi lililoendelea na kazi na kupongezwa kwa kutuma hela ya pampasi.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Pittsburgh kule Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee wanaouguza wenzi wao kwa miaka minne hivi. Wale walioelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiouguza. Kuna jambo ndani yake ambalo watu hulipita haraka: waliokuwa wanauguza bila kuelemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo ya ziada. Wale walikuwa wazee wa Marekani, si dada yangu wa Tabata, nisiwapige porojo. Lakini nikiisoma namwona dada, na najiuliza tulikuwa tunangoja nini.

Serikali nayo isijifiche nyuma yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipopitishwa mwaka 2004 iliweka siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki. Kwa mzazi je? Siku hizo 4 ni akifariki. Soma tena hapo. Mama yako akiwa hai kitandani anahitaji kugeuzwa, kifungu hicho hakina siku yako. Akishazikwa, unapewa nne. Mimi nilitumia siku zangu 28 za likizo ya mwaka, na bahati yangu nina ajira ya mkataba. Muuza vitenge hana likizo, anafunga duka tu.

Ile misemo ya "Mungu atakulipa" ndiyo inayonichoma zaidi. Kama unaamini Mungu atalipa, na mimi naamini, mbona hizo thawabu huzitaki na wewe? Shangazi anakaa Segerea, daladala moja. Kwa miaka mitatu amemwachia dada thawabu zote peke yake. Ukarimu gani huu! Tumefanya jina la Mungu liwe risiti ya deni letu sisi.

Nawasikia wengine: lakini mzee alianguka kweli, angeweza kufa. Ndiyo, alianguka. Zile nyuzi tano niliziona zikitolewa. Lakini mzee alianguka kwa sababu nyumba nzima ilikuwa na mlinzi mmoja, na mlinzi mmoja lazima siku moja atatoka, atasinzia, atakwenda dukani kununua panadoli. Kama si nywele ingekuwa mkaa. Tungemwitia kikao kwa ajili ya mkaa? Nadhani tusingemwitia. Kilichotukera ni kwamba kwa dakika 40 alijifanyia kitu kizuri yeye mwenyewe. Angekutwa analia jikoni tungempa pole. Amekutwa kwa msusi, tumempa hukumu.

Kisha kuna upande wa mzee ambao kwenye kikao hakuna aliyemuuliza, ingawa mlango wake ulikuwa wazi na anasikia kila kitu. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshazoea, nimekaa karibu naye muda wote, kila akikohoa nasimama, kila akitazama pembeni nauliza "unataka nini, baba?" Siku moja akakusanya maneno kwa muda mrefu, jasho linamtoka, akayatoa mawili. "Niache kidogo." Nikatoka nje nikakaa kibarazani, mlango nimeuacha wazi, namwona miguu. Akabaki anatazama dari. Alikuwa na sura ya mtu aliyefunga ofisi yake. Miaka mitatu anatazamwa, anapanguswa, anaulizwa. Naye alikuwa anataka zile dakika kumi kama dada. Siku ile ya nywele, kabla ya kuanguka, huenda alikuwa na nusu saa yake nzuri ya kwanza kwa muda mrefu. Sijathubutu kulisema hilo kwa shangazi.

Dada alirudi Jumatatu iliyopita. Amesukwa vizuri, amenenepa mashavu kidogo. Mzee alipomwona alicheka mpaka akakohoa. Dada aliangalia nyonga, akaangalia visigino, akasema "hujambo kidogo," na kwa dada yangu hiyo ni shahada. Nilimwomba radhi kwa ile soda. Akasema nisimpotezee muda, niandike zamu.

Nimeandika zamu. Nimeiweka kwenye grupu: kila Jumamosi, saa 3 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, mtu mmoja anakaa na mzee, daftari lipo, dada anaondoka nyumbani na hakuna anayemuuliza amekwenda wapi. Kwenda msikitini, kwenda kwa msusi, kwenda kulala kwa rafiki yake, ni juu yake. Aliyeko mbali analipa nauli ya aliyeko karibu, au anamlipa mtu wa kukaa, hela hiyo iwe mbali na ya dawa. Jumatano usiku nitalala mimi.

Majibu mpaka naandika hapa: mikono iliyoshikana, 19. "Wazo zuri sana mwanangu," 4. Kaka wa Mwanza ametuma nauli ya miezi miwili, namshukuru. Majina yaliyojaa kwenye jedwali ni mawili, langu na la mke wa baba mdogo, ambaye hata si damu yetu. Mama wa nyumba ya pili ameambiwa na dada na ameomba apewe Jumanne jioni, yeye na ukili wake.

Jumamosi hii ni yangu. Inayofuata ni ya mke wa baba mdogo. Ya tatu bado haina jina. Shangazi, najua unasoma hapa kwa sababu binti yako alinionyesha. Daladala ya Segerea unaijua.